Usiniulize Wati, Niambie Omu

Mteja akifika kwenye kibanda changu Kariakoo, swali lake huwa lilelile: "Fundi, hii inatoa wati ngapi?" Nami humuuliza: utaifungia spika gani, na ngapi? Maana amplifaya kazi yake ni kutoa volti. Mkondo unavutwa na spika, na kila omu zikipungua, unavutwa mkubwa zaidi.

Tuseme amplifaya inatoa volti 20. Ifungie spika moja ya omu 8: mkondo ni ampea 2.5, nguvu ni wati 50. Ongeza ya pili kwa sambamba, omu zinabaki 4, ampea 5, wati 100. Zikiwa nne, omu ni 2 na ampea zimefika 10. Ndiyo maana Jumatatu meza yangu hujaa mashine za harusi za Jumamosi: fyuzi nyeusi, transista zimepasuka, na mwenyewe anaapa kwamba hakuongeza sauti. Kweli hakuongeza. Aliongeza spika.

Tena zile omu 8 zilizoandikwa nyuma ya spika ni za kutajia tu. Ukipima koili yake kwa mita utasoma kama 6. Muziki ukianza, omu hazitulii: kwenye besi fulani zinaweza kupita 30, zikashuka, kisha zikapanda tena kwenye sauti nyembamba.

Kwa hiyo anayebuni amplifaya huanzia kwenye mzigo mbaya kuliko yote. Jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 kiwandani imeandikiwa ampea 15 na wati 150, lakini wati hizo ni mwili wa transista ukiwa na nyuzijoto 25. Ndani ya boksi, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, sahau. Mimi kwa volti zile huweka jozi moja kwa omu 8, mbili kwa omu 4, nne kwa omu 2. Kila transista hupata risista yake ya omu 0.22 kwenye emita. Bila hiyo, iliyopata joto zaidi hujitwika mkondo zaidi mpaka iungue. Transfoma nayo lazima ikue. Ikielemewa, volti huanguka na besi huanza kukwaruza.

Honi za msikitini zina hesabu nyingine. Nyingi hutumia laini ya volti 100, kila honi na transfoma yake ndogo, hivyo unajumlisha wati tu: honi nne za wati 15 ni 60, na amplifaya iwe na zaidi kidogo ya hapo.

Basi ukija kununua, njoo na spika zenyewe, au niandikie omu zake na idadi. Bei tutaongea baadaye.