Hukmu ya Kuuza Mtandio wa Manyoya Uliomo Katika Mirathi

SUALI: Marhumu baba yetu alikuwa akifanya biashara ya mchele Katumba Songwe, Kyela. Katika sanduku lake tumekuta mtandio wa zamani wa manyoya ya chui, umetiwa bitana ya hariri. Mtu wa ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, anataka kuununua. Mama yetu ana dhiki na miongoni mwetu wamo wadogo. Je, tuuze tugawane?

JAWABU: Shukurani zote anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake. Amma baad:

Tunakupeni pole. Allah amrehemu baba yenu. Jawabu kwa ufupi: msiuuze. Sababu ni mbili.

Kwanza: hukmu ya manyoya yenyewe

Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba ngozi ikitiwa dibagha hutoharika. Kwa Mashafii, hukmu hiyo inaenea kwenye ngozi zote isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini kauli mashuhuri ya madh-hebu ni kuwa dibagha haitoharishi nywele, na thamani ya mtandio huo ni nywele zake. Kitu najisi hakiuzwi. Mahanafi wao wanaona nywele ni tohara toka asili. Hata hivyo, anayeshika rai hiyo bado atakutana na hadithi za Abu Daud na Tirmidhi zinazokataza ngozi za wanyama wakali, na chui ametajwa khasa katika riwaya ya Muawiya (R.A.).

Pili: sheria ya nchi

Nguo za namna hii zilikuwa fakhari miaka ya 1960, khasa baada ya Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani, kuonekana na koti la chui mwaka 1962. Chui wengi waliuliwa kwa ajili hiyo. Tangu 1975 mkataba wa kimataifa wa CITES umemuweka chui katika orodha yake ya kwanza, ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka imefungwa. Na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ngozi ya chui ni nyara ya Serikali. Kuwa nayo bila hati ni kosa, ukiikuta sandukuni au ukiinunua. Wako waliofungwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara. Muislamu hajitupi katika maangamizi kwa mikono yake.

Mfanye nini?

Msiusafirishe, wala msiulete Unguja. Tafuteni kwanza kama marhumu alikuwa na hati. Kisha msimamizi wa mirathi atoe taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mbele ya mashahidi, na akabidhi kwa maandishi. Hapo haki ya wadogo haijapotea, kwani kisichouzika hakina thamani ya kugaiwa.

Ama mama yenu, mtazameni kwa njia ya halali. Je, alilipwa mahari yake yote? Iliyobaki ni deni, na deni hutolewa kabla ya wasia na kabla ya mafungu. Baada ya hapo anapata thumni, yaani 1/8, kwa kuwa marhumu ameacha watoto. Anastahiki fungu hilo katika nyumba, shamba, fedha na mchele uliomo ghalani.

Kama manyoya si ya chui

Manyoya ya bandia yanauzwa bila ya tabu. Uzi wake ukichomwa huyayuka kama plastiki, wala hautoi harufu ya nywele. Ya sungura aliyechinjwa kisharia pia yanauzwa. Muuzaji abainishe kila aibu, kwani Mtume (S.A.W.) alimkemea aliyeficha nafaka mbichi chini ya kavu.

Anayeacha kitu kwa ajili ya Allah, Allah humpa kilicho bora zaidi.

Wallahu A'lam.