Kisu cha Bei Nafuu: Namna ya Kukichagua na Kukinoa

Katika nchi ya Meru na Embu ni vyombo vichache vitumiwavyo nyumbani mara nyingi kama kisu, na ni vichache vinavyonunuliwa kwa fikira haba kama hicho. Mtu anunuaye mbuzi sokoni humtazama meno, humpapasa mgongo, tena huuliza alikotoka. Lakini mtu huyo huyo akifika penye visu, huchukua kile king'aacho kuliko vingine, akalipa, akaenda zake. Baada ya mwezi mmoja kisu hakipati tena, na lawama zote humwangukia mwuzaji.

Mara nyingi kosa si la mwuzaji, wala si la bei. Kisu cha fedha kidogo, kikichaguliwa kwa uangalifu na kunolewa ipasavyo, chaweza kufanya kazi miaka mingi. Na kisu cha fedha nyingi kisichonolewa hakina faida kuliko kipande cha bati. Wazee walisema kweli: kinolewacho hupata.

KISU CHA MWINDAJI NA KAZI YAKE YA LEO

Zamani wahunzi wa nchi zinazouzunguka Mlima Kenya waliokota mchanga mweusi wenye chuma katika mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivuo, kisha wakafua sime, visu na ncha za mishale. Katika sehemu kavu za Mbeere na Tharaka wanaume walikwenda kuwinda kwa upinde, na kila mmoja alikuwa na kisu kiunoni cha kuchunia mnyama na kugawanyia nyama.

Siku hizo zimekwisha. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu kali, za faini na kifungo, juu ya mtu anayeua wanyama hao au kuuza nyama yao. Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, si mahali pa kuingia na kisu kutafuta kitoweo.

Hata hivyo kisu cha mwindaji hakikupotea. Kimehama porini kikaja zizini. Leo kazi yake ni kuchinja na kuchuna mbuzi, kondoo na ng'ombe, na sifa zilizomfaa mwindaji ndizo zimfaazo mfugaji na mchinjaji. Tena jambo lenye thamani limo mikononi mwake, nalo ni ngozi. Tundu moja katikati ya ngozi ya mbuzi hushusha daraja lake. Hata mkato usiopenya, ambao mchunaji hakuuona, huonekana kiwandani manyoya yakiisha kutolewa. Mifugo imelishwa mwaka mzima, imenyweshwa na kuogeshwa dawa, kisha sehemu ya faida yake hupotea kwa dakika chache kwa sababu ya kisu kibaya.

JAMBO LA KWANZA: CHUMA

Si kila chuma chaweza kushika makali. Nguvu ya makali hutokana na kaboni iliyochanganyika na chuma. Nondo za kujengea nyumba na vyuma vya madirisha huwa na kaboni kidogo, kwa kawaida yapata sehemu 2 katika kila 1000. Kisu kilichofuliwa kwa chuma cha namna hiyo chaweza kung'aa sana, lakini makali yake hulala siku ile ile. Springi za gari zina kaboni ipatayo sehemu 6 katika kila 1000. Ndiyo sababu mafundi wa jua kali hupenda kuzifua ziwe visu na mapanga, nao hawakukosea.

Lakini springi peke yake haitoshi. Fundi anayejua kazi yake hukitia kisu motoni mpaka kiwe chekundu na sumaku isikikamate tena, yaani joto la digrii 770 hivi za sentigredi, au zaidi kidogo. Hapo hukichovya katika mafuta, na chuma huwa kigumu sana, hata chaweza kukatika kikianguka juu ya jiwe. Kwa hiyo hukipasha moto mara ya pili, moto wa digrii 200 na kitu, mpaka uso wake uliosuguliwa uwe na rangi ya majani makavu. Hapo kisu kimepata ugumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Mnunuzi na amwulize fundi kama amefanya hivyo mara mbili. Fundi wa kweli atafurahi kueleza; asiyejua atabadili maneno.

Visu vya dukani ni vya namna mbili. Kuna vya chuma cha kaboni, ambavyo hushika kutu upesi visipofutwa, lakini hunoleka kwa urahisi hata kwa jiwe la mtoni. Na kuna vya chuma kisichoshika kutu, ambacho watu hukiita stenlesi. Chuma hicho kilipata sifa tangu mwaka 1913, wakati Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipochanganya chuma na kromiamu. Stenlesi nzuri ni nzuri kweli; lakini ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni laini, na makali yake hayadumu. Basi mtu mwenye fedha kidogo asikimbilie kile king'aacho. Kisu cheusi cha chuma cha kaboni, kikifutwa na kupakwa mafuta, humfaa zaidi.

Ipo njia nyepesi ya kupima. Kwa ruhusa ya mwuzaji, tupa ndogo ipitishwe polepole juu ya makali, karibu kabisa na mpini ambapo alama haitadhuru. Tupa ikizama na kula chuma kama mti, kisu hicho ni laini mno. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu mno na kitasumbua kunolewa. Ikikwaruza kwa shida, ikala kidogo tu, hicho ndicho kisu cha kununua.

JAMBO LA PILI: UMBO NA MPINI

Kwa kuchuna mbuzi na kondoo, kisu kirefu si kisu bora. Ubapa wa sentimita 10 hata 13 watosha, na unene wa milimita 3 hivi mgongoni. Makali yawe na tumbo la mviringo kuelekea mbele, kwa sababu tumbo hilo huteleza kati ya ngozi na nyama. Ncha kali iliyonyoka kama ya mshale ndiyo itoboayo ngozi. Kisu kimoja chenye ncha chaweza kuwekwa kwa kuchinjia, na kingine chenye tumbo kwa kuchunia. Mwenye kimoja tu na achague cha tumbo.

Kisha atazame mpini. Katika visu vilivyo imara, mkia wa chuma hufika mpaka mwisho wa mpini, nao umefungwa kwa pini mbili au tatu zinazoonekana pande zote mbili. Ambapo mkia ni mfupi na umegandishwa kwa gundi tu, mpini hulegea mara maji na damu zikiingia. Mti mgumu kama mzeituni mwitu hufaa sana kwa mipini. Plastiki nayo haina ubaya, maadamu haitelezi mkono ukiwa umelowa. Mnunuzi akikishike kisu kwa nguvu, aone kama vidole vyote vinne vimepata nafasi, na kama pana kizuizi kidogo cha kuzuia mkono usiteleze kwenda kwenye makali.

Mapambo, nakshi na meno ya msumeno juu ya mgongo huongeza bei, wala hayaongezi kazi. Huko Mora, katika nchi ya Uswidi, visu vya mpini mnene usio na pambo vimetengenezwa kwa vizazi vingi na kuuzwa kwa bei ndogo, na sifa yake imeenea duniani kwa sababu ya chuma chake wala si kwa sababu ya uzuri wa sura.

JAMBO LA TATU: KUNOA

Mwenye kununua kisu bila kununua kinoo amenunua nusu ya kisu. Kinoo cha dukani chenye pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa na wa pili wa chembe ndogo, hutosha nyumba nzima kwa muda mrefu. Asiyekuwa nacho aweza kutumia jiwe la mtoni lililo bapa na laini. Tupa ni ya panga na jembe. Kwa kisu itumike tu makali yakiwa yamemeguka.

Kinoo kiwekwe juu ya kitambaa kilicholowa ili kisiteleze, kisha kitiwe maji. Kama kimezoeshwa mafuta, kiendelee na mafuta. Maji na mafuta havichanganywi juu ya kinoo kimoja.

Siri ya kunoa ni kukiinamisha kisu kwa kipimo kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Kipimo chenyewe si kigumu kukumbuka: mgongo wa kisu uinuliwe juu ya jiwe kiasi cha theluthi moja ya upana wa ubapa. Kisu chenye upana wa sentimita 3, mgongo wake uinuke sentimita 1. Hapo pembe yake ni digrii 20 hivi, nayo yafaa kwa kuchuna. Panga la kukatia miti huinuliwa zaidi kidogo, ili makali yawe manene na yasimeguke.

Kisu kisukumwe mbele kana kwamba kinakata kipande chembamba cha jiwe, kuanzia karibu na mpini mpaka kwenye ncha, na mpini uinuliwe kidogo tumbo linapofika juu ya jiwe. Upande mmoja unolewe mpaka uzi mwembamba wa chuma uhisike upande wa pili, ukipapaswa kwa kidole kutoka mgongoni kuja nje, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Uzi huo ndio ushuhuda kwamba jiwe limefika ukingoni. Watu wengi huacha kabla ya kuuona, na ndiyo maana kisu chao hakipati ingawa wamenoa kwa saa nzima. Baada ya hapo kazi ihamie upande wa pili mpaka uzi uonekane tena, kisha kinoo kigeuzwe kwenye chembe ndogo na mkono uwe mwepesi. Mwisho kisu kivutwe kinyumenyume juu ya mshipi wa ngozi, mara 10 au 20 kila upande, ili uzi uliobaki utoke.

Kisu kikate karatasi bila kuichana. Asiwepo mtu wa kupima makali kwa kuyapitisha juu ya kidole gumba.

Onyo moja lahitajiwa. Katika masoko wapo wanoaji wenye gurudumu liendalo kasi. Kazi yao ni ya upesi, lakini gurudumu kavu huchoma chuma. Mahali palipogeuka rangi ya buluu pamepata joto la digrii 300 hivi, na ugumu uliotiwa na fundi umepungua pale. Anayepeleka kisu kwa mnoaji na amwombe achovye majini mara kwa mara, au abaki na kinoo chake nyumbani. Haraka haraka haina baraka.

KUTUMIA NA KUTUNZA

Kisu kikali hakikandamizwi. Kisu butu ndicho cha hatari, maana mtu hukisukuma kwa nguvu, kikateleza, kikaingia mkononi au katika ngozi. Katika kuchuna mbuzi, kisu kina kazi ya kufungua mistari tu: chini ya tumbo na ndani ya miguu, makali yakitazama nje ili yasiguse nyama. Mistari ikiisha kufunguliwa, kisu kiwekwe kando na ngozi itolewe kwa ngumi, ikisukumwa polepole kati ya ngozi na nyama. Mchunaji anayetumia ngumi hatoboi ngozi, tena hamalizi makali ya kisu chake.

Kisitumiwe kamwe kumfungua mnyama aliyekufa ghafla. Huenda ni kimeta, na damu ya mnyama wa namna hiyo yaweza kumwua mtu. Afisa wa mifugo aitwe kwanza, na mzoga usiguswe. Na nyama ya kuuzwa sharti ichinjwe mahali palipopewa ruhusa na kukaguliwa.

Kazi ikiisha, kisu kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushwe, kipakwe mafuta kidogo ya kupikia, kisha kiwekwe mahali ambapo watoto hawafiki. Kisilazwe ndani ya ala ya ngozi kikiwa na unyevu, kwa maana kutu huanzia humo. Mtu anayekivuta kisu chake juu ya mshipi kila baada ya kazi hana haja ya kurudi kwenye kinoo mara kwa mara, wala hatakuwa na haja ya kurudi dukani kabla ya miaka mingi kupita.