Mtu Anayeingia Bwami: Anayotazamia na Anayoyakuta

Somo letu la leo lahusu vyama vya mababu. Wengi mwaulizana: Mtu anayeingia humo hutazamia nini, naye hukuta nini?

Kwanza tutenganishe mambo. Katika nchi ya Beni watu wakisikia habari za chama cha siri huogopa, wala hawaogopi bure: katika miaka ya 1930 watu-chui waliua watu katika pande hizo. Lakini si kila chama cha mababu kilikuwa cha wauaji. Olusumba ya Wanande ilikuwa jando, yaani kuwatahiri vijana na kuwafunza. Na huko kusini, katika misitu ya Shabunda, Mwenga na Pangi, ndugu zetu Walega walikuwa na chama kiitwacho bwami. Mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa nao katika miaka ya 1950, akaandika habari zake kwa makini. Na tukitazame hicho.

Jina lenyewe laweza kutupoteza. Kwetu mwami ni mtawala, mtoto wa ukoo wa utawala. Walega hawakuwa na mfalme. Kwao mwami ni mtu yeyote aliyeingizwa katika bwami. Basi kijana aliyetamani kuingia alitazamia kupata amri juu ya wenzake, na kuonyeshwa siri kubwa, pengine dawa yenye nguvu.

Alikuta nini? Alikuta gharama. Ilimpasa awe ametahiriwa, kisha akusanye vyakula, nyama, mbuzi, na musanga, yaani vipande vya makombe ya konokono vilivyotungwa katika uzi kuwa fedha. Peke yake hakuweza. Ilikuwa lazima jamaa zake, wajomba na wakwe wamchangie. Nani angemchangia mgomvi, au mtu asiyejua kutunza ulimi wake? Hivyo kijana alipimwa tabia kabla ya kufundishwa neno lolote. Tena ngazi zilikuwa nyingi, kutoka kongabulumbu hata kindi, na kila ngazi ilidai malipo yake. Mke naye aliingizwa. Bila mke mwenzi wa safari hiyo, mume hakufika vyeo vya juu.

Je, na ile siri? Wakubwa walifungua kikapu. Ndani mlikuwa na mdomo wa ndege, ukucha wa mnyama, sanamu ndogo ya mti au ya pembe ya ndovu. Wakacheza ngoma, wakaimba methali, na kila kitu kikapata maana. Sanamu yenye nyuso nyingi, Sakimatwematwe, ilimfundisha kwamba mwenye hekima hutazama pande zote kabla ya kukata neno. Kakakuona aliheshimiwa sana, kwa kuwa Walega husema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba: tazama magamba yake, yamepangana kama majani ya paa. Aliyetazamia dawa alipewa methali, tena methali zenye kumkataza uzinzi, ugomvi na majivuno. Nadhani wengine walirudi nyumbani wamenuna!

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Mtu maskini, asiye na jamaa wengi, alibaki chini hata kama moyo wake ulikuwa safi. Na baba wa leo mwenye watoto wa kusomesha, akiitiwa chama chochote cha namna hiyo, na ahesabu mbuzi wake, azungumze na mkewe, aulize waziwazi ataapa nini na mbele ya nani, kabla ya kutoa hata kuku mmoja.

Serikali ya Wabelgiji haikuuliza sana. Iliona bwami kuwa chama cha uasi, ikakipiga marufuku mwaka 1933 na tena mwaka 1948. Sanamu nyingi zimo leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, zikitazamwa na watu wasiojua methali zake.

Zamani hazikuuzwa hivyo. Kindi alipokufa, vitu vyake viliwekwa juu ya kaburi, kisha vikatunzwa kwa ajili ya jamaa atakayemfuata. Lakini cheo chenyewe hakikurithiwa. Mwana wa kindi alianza chini, katika kongabulumbu, akizunguka kwa wajomba kuomba mbuzi kama kijana mwingine yeyote.