Marudiano: Nguvu, Hamaki na Subira

Miongoni mwa michezo iliyoteka nyoyo za vijana wetu zama hizi ni ule mchezo wa kupigana uliochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabari. Hapa Kibiti, na Bungu, na Ikwiriri, vijana huwajua mabingwa wa mchezo huu kwa majina yao na nchi zao kuliko wanavyowajua wajukuu wa babu zao. Wazee wengine hukasirika wakazima televisheni. Sisi twaona ni bora tuutazame mchezo wenyewe, tuchukue mafunzo yaliyomo na tuache madhara yaliyomo. Kwani mtoto aliyekatazwa bila ya kuelezwa huenda kutazama kwa jirani.

Na kwa ajili hiyo twalichagua pambano la marudiano lililopiganwa Abu Dhabi tarehe 21 Oktoba 2023, baina ya Islam Makhachev, Mwislamu wa Dagestan katika nchi ya Urusi, na Alexander Volkanovski wa Australia.

Watu hawa wawili walikuwa wamekwisha kukutana mjini Perth, Australia, mwezi wa Februari mwaka ule ule. Volkanovski alikuwa bingwa wa uzani wa kilo zipatazo 66, akapanda kwenye uzani wa kilo 70 kuuwania mkanda wa Makhachev. Walipigana raundi zote 5, kila moja dakika 5, na waamuzi watatu wakampa Makhachev ushindi kwa alama: wawili 48 kwa 47, na wa tatu 49 kwa 46. Watazamaji wengi waliiona tofauti kuwa ndogo, na Volkanovski akabaki na kiu ya marudiano.

Nafasi ikaja kwa ghafula. Makhachev alikuwa amepangiwa kupigana na Charles Oliveira wa Brazil, naye akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, akaondolewa. Zilikuwa zimebaki siku zisizotimia wiki mbili. Volkanovski akaulizwa, akakubali. Basi ikawa mtu aliyetaka raundi 5 tena hakupata hata moja kamili: dakika ya 3 na sekunde 6 za raundi ya kwanza, baada ya teke la mguu wa kushoto kumpata kichwani, alikuwa chini na mwamuzi amekwisha kuingia kati. Mbele ya waandishi alieleza, huku machozi yakimlenga, ya kwamba kukaa bila ya kupigana kulikuwa kukimtaabisha moyo, ndiyo maana aliitikia wito.

Lau yangeishia hapo ingetosha kuwa ibra. Lakini hakupumzika. Tarehe 17 Februari 2024, kabla ya kutimia miezi minne, akaingia ulingoni kuutetea mkanda wake mwenyewe, na Ilia Topuria akamwangusha katika raundi ya pili. Mkanda ukaenda. Ndipo alipotulia zaidi ya mwaka mzima. Aliporejea tarehe 12 Aprili 2025 mjini Miami, alimshinda Diego Lopes kwa alama, akautwaa tena ubingwa ule alioupoteza. Mtu ni yule yule, mikono ni ile ile. Kilichoongezeka ni umri na mapumziko.

Nasi katika sira tunayo khabari ya marudiano. Rukana bin Abdi Yazid alikuwa hodari wa mieleka katika Makureshi. Yasimuliwa kwamba alishindana na Mtume (S.A.W.), akaangushwa; asiamini, akataka warudie, akaangushwa tena. Isnadi ya khabari hii baadhi ya maulamaa wameidhoofisha, walakini ni mashuhuri vitabuni. Na Uhud, kijana Samura bin Jundub alipoona mwenzake Rafii amekubaliwa jeshini naye amerudishwa, alidai kwamba aweza kumwangusha. Wakashindanishwa, akamwangusha, akakubaliwa. Mieleka basi si jambo geni kwetu, wala si aibu.

Lililo haramu ni kudhuriana. Mtume (S.A.W.) ametukataza kumpiga mtu usoni, na ametufunza ya kuwa mwenye nguvu hasa ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwezi wa Safar 1408, yaani Oktoba 1987, liliharamisha masumbwi, na mieleka ile ambayo kila mmoja hupewa ruhusa ya kumdhuru mwenziwe. Ama mieleka ya mazoezi isiyo na madhara iliachwa katika uhalali wake. Kwamba pambano hilo lilifanyika katika mji wa Waislamu, na mshindi wake ni Mwislamu, hakuligeuzi teke la kichwa kuwa jambo jingine.

Sasa turejee kwetu. Nimewaona wanafunzi wa chuo, wakiisha kufunga misahafu, wakipeana kabari mchangani. Aliyeangushwa huinuka na mchanga masikioni, akadai: "Tena!" Hataki kesho, ataka sasa hivi, na macho yamekwisha kuwa mekundu. Hapo ndipo mieleka huwa ugomvi.

Wale wa Abu Dhabi walikuwa na mwamuzi wa kuwatenganisha, daktari kando ya ulingo, na sheria imzuiayo kwa muda aliyepigwa kichwani asirudi mchezoni. Mtoto wa Salale ama Mbwera hana hata kimoja katika hivyo. Akizimia kwa teke la mwenziwe, baina yake na hospitali kubwa pana mikoko, na mtumbwi, na maji ambayo huenda yamekupwa. Na jeraha la ubongo halionekani kama jeraha la panga. Muhammad Ali alipigana na Joe Frazier mara tatu, ya mwisho karibu na Manila mwaka 1975. Kisha akaishi na maradhi ya kutetemeka zaidi ya miaka 30 hata alipofariki mwaka 2016, na wengi huyahusisha maradhi hayo na mapigo aliyoyapokea.

Enyi wazazi, msiwanyime watoto mieleka. Wachaguliwe mchanga laini, na mtu mzima awasimamie. Ngumi, mateke na kabari vikatazwe kabisa. Mtoto aliyegonga kichwa apumzishwe, na akitapika, akisinzia ovyo au akisema maneno yasiyoeleweka, apelekwe kwa mganga wa zahanati bila ya kungoja asubuhi.

Nanyi vijana, atakayeangushwa leo asiombe marudiano leo. Ampe mwenziwe mkono, aende nyumbani, ale, alale, ajifunze alipokosea. Mchanga hauhami, na aliyekushinda yupo papo hapo kijijini. Ukimwendea baada ya mwezi, ukiwa umetulia, huenda ukamwangusha. Na usipomwangusha, mtaondoka marafiki.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu, na atupe akili ya kuzituliza. Amin.