Babu Alikuwa Fundi Chuma wa Reli: Namna ya Kuzifuata Nyaraka za Maisha Yake

Koo nyingi zina mzee ambaye habari zake husimuliwa kwa sentensi mbili: alikwenda kufanya kazi reli, akarudi akiwa mzee. Alikuwa na makovu ya moto mikononi, aliweza kulinyoosha jembe lililopinda kama mtu anayekunja mkeka, na chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa kufuli. Sanduku hilo aghalabu hufunguliwa siku ukoo unapokaa kuzungumzia mirathi, au siku mjukuu anapotakiwa kuthibitisha kwamba shamba fulani lilikuwa la babu yake. Ndipo mashaka yanapoanza. Karatasi moja inamwita Juma bin Hamisi, nyingine inamwita Petro Juma, na ya tatu ina herufi zilizopotoka kwa mkono wa karani asiyejua lugha ya mwajiriwa. Miaka ya kuzaliwa nayo haipatani. Je, ni mtu mmoja au watatu?

Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu swali hilo. Tumemchagua fundi chuma wa reli kwa makusudi, kwa kuwa ni katika watu wachache wa kizazi chake ambao kazi yao iliacha maandishi. Mkulima wa miaka ya 1930 angeweza kuishi na kufa bila jina lake kuandikwa popote isipokuwa kwenye stakabadhi ya kodi. Mtu wa karakana aliandikwa alipoajiriwa, alipolipwa, alipougua, alipohamishwa na alipostaafu. Kanuni ya kwanza ya upekuzi huu, basi, ni kuufuata mshahara kabla ya kulifuata jina. Jina la mtu lilibadilika mara nyingi. Aliyemlipa alihitaji kujua kila mwezi ni nani amelipwa.

Aliyemlipa, hata hivyo, naye alibadilika. Reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1893. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliziendesha kwa jina la Reli za Tanganyika. Mwaka 1948 ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda kuwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao makuu yakiwa Nairobi. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, na reli zikawa shirika peke yake chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania iliunda Shirika lake la Reli. Kijana aliyeanza kazi mwaka 1946 na kustaafu mwaka 1978 aliajiriwa, kwa hesabu ya karatasi, na waajiri wanne, ingawa huenda hakuwahi kubadili benchi alilofanyia kazi.

Jambo hili ni ufunguo. Herufi zilizogongwa kwenye kifungo cha koti, kwenye nyundo, kwenye taa ya mkononi au juu ya bahasha huonyesha kipindi. Herufi EAR&H ni za baina ya mwaka 1948 na 1969; T.R. peke yake kwa kawaida huelekeza kwenye miaka ya kabla ya hapo. Usikitupe chombo cha chuma kwa sababu kimeota kutu. Kisafishe kwa kitambaa kikavu, kitazame chini ya mwanga wa jua la jioni, na unakili kila herufi na kila tarakimu, hasa namba ya mfanyakazi. Namba ya mfanyakazi ikipatikana ina thamani kuliko majina matatu, maana karani aliyeshindwa kuandika jina vizuri aliweza kuandika namba.

Baada ya mwajiri, itazame kazi yenyewe. Wajukuu husema “alikuwa fundi” kana kwamba fundi ni kazi moja. Katika karakana ya gari moshi la mvuke walikuwamo wahunzi waliofua chuma kwenye moto. Mafundi wa kusubu waliomimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu za mchanga. Mafundi wa kerezo. Na mafundi wa boila. Hawa wa boila walishindilia ribiti zilizopashwa moto hadi kuwa nyekundu, mmoja akigonga nje na mwenzake akikaza ndani ya pipa la chuma ambamo kila pigo lilirudi masikioni mara kumi. Uziwi ulikuwa ugonjwa unaojulikana sana wa kazi hiyo, katika kila nchi iliyokuwa na boila. Ikiwa ukoo unakumbuka kwamba mzee alikuwa hasikii vizuri tangu alipokuwa na nguvu zake, kumbukumbu hiyo ni ushahidi wa idara aliyokuwamo, na huenda ikaeleza cheti cha hospitali kilichomo sandukuni ambacho hakuna aliyekielewa.

Cheo kilichoandikwa kwenye karatasi mara nyingi kitakuwa cha Kiingereza, na kitakuwa cha chini kuliko kazi aliyoifanya. Katika zama za ukoloni ngazi za mishahara zilifuata rangi ya ngozi: Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini. Mtu aliyeandikwa msaidizi au kibarua yamkini ndiye aliyeshika nyundo miaka ishirini. Kwa hiyo usilikatae simulizi la ukoo kwa sababu karatasi inasema “kibarua”. Nakili neno hilo herufi kwa herufi, kisha weka pembeni yake kile wazee wanachokumbuka. Kila upande ulikuwa na sababu zake za kusema ulivyosema.

Twende sasa kwenye jina. Majina ya ukoo kwa maana ya leo hayakuwapo kwa watu wengi. Mtu aliitwa jina lake na la baba yake, akiunganishwa kwa “bin”. Akibatizwa alipata jina jingine. Akisilimu vivyo hivyo. Na wapo waliotumia la nyumbani kijijini na la dini kazini, au kinyume chake. Kwa sababu hiyo makarani wa zamani walizoea kuongeza kabila, chifu na jumbe wa mhusika. Maneno hayo matatu ndiyo yanayomrudisha mtu nyumbani. Lakini yana mitego yake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, hivyo himaya iliyotajwa haipo tena kwenye ramani. Majimbo nayo yalikoma na mikoa ikaanzishwa: karatasi inayosema Jimbo la Magharibi inaweza kumhusu mtu wa Tabora, wa Kigoma, au wa Kahama ambayo leo imo katika Mkoa wa Shinyanga. Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Watu walihama, na mara nyingine jina la kijiji likahama nao. Kijiji kilichoandikwa kwenye karatasi ya mwaka 1952 huenda sasa ni shamba la mihogo kilomita kadhaa kutoka mahali penye jina hilo hivi leo. Waulize wazee wa kitongoji kabla ya kwenda popote.

Umri ni hivyo hivyo. Tarehe ya kwanza ya Januari ikionekana kama siku ya kuzaliwa, ifahamike kuwa aghalabu ni makisio ya karani au ya daktari aliyemtazama mtu usoni. Matukio yanayojulikana ni kipimo bora zaidi: alikuwa mtoto wa kuchunga reli ilipofika Tabora; alizaliwa Wajerumani wakiondoka; alikuwa anaota ndevu wakati wa nzige. Andika tukio lilivyosimuliwa, usiligeuze kuwa mwaka mapema mno.

Vitabu vya dini visisahaulike, na kwa maoni yetu ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote. Kitabu cha ubatizo cha parokia hutaja wazazi na msimamizi, na katika Kanisa Katoliki habari ya ndoa huandikwa tena pembeni ya habari ya ubatizo, hata kama ndoa ilifungwa mbali. Kijana aliyebatizwa kijijini na kuoa mjini alikokuwa akifanya kazi anaweza kupatikana kwa mstari mmoja wa pembeni. Kwa familia za Kiislamu, ndoa za miaka ya mwanzo nyingi ziliishia kwenye kumbukumbu ya sheikh na mashahidi, kwa hiyo ushahidi wa mdomo una uzito zaidi na unahitaji kuandikwa haraka.

Nyaraka za Serikali ya kikoloni zimehifadhiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, jijini Dar es Salaam. Humo mna majalada ya Wajerumani, majalada ya Serikali kuu ya Waingereza, na vile vitabu vya wilaya ambamo maafisa wa utawala waliandika habari za machifu, mipaka na kodi. Kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Asiende mtu huko akitarajia kukuta jalada lenye jina la babu yake. Atakachokuta ni ulimwengu wa babu yake: jumbe gani alikuwa chini ya chifu gani, njaa ilikuwa mwaka gani, kwa nini vijana wa upande ule waliondoka kwa wingi kwenda kutafuta kazi. Kwa aliyekwisha kupata jina la jumbe kwenye kipande, kitabu cha wilaya kinaweza kumaliza ubishi wa miaka mingi. Kwa ambaye hana, safari hiyo ni nauli tu. Watumishi wa enzi ya Afrika Mashariki wana ugumu wa ziada, kwa kuwa makao makuu ya mwajiri wao yalikuwa nje ya mipaka yetu. Katika hali hiyo sanduku la bati huwa ndiyo masjala pekee iliyo karibu.

Hapa ndipo pa kusema neno juu ya fedha, kwa sababu swali hilo huulizwa. Baada ya Jumuiya kuvunjika, nchi tatu ziliafikiana mwaka 1984 namna ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikachukua jukumu la pensheni za raia wake. Madai ya wastaafu wa Tanzania yalifika mahakamani na kuchukua miaka mingi. Kupatikana kwa kipande au barua ya ajira ya babu hakumaanishi kuwa kuna malipo yanayomsubiri mjukuu. Anayekuja nyumbani na fomu ya “mafao ya Jumuiya” na kutaka fedha mkononi ni tapeli, na aripotiwe kwa Mtendaji wa Kata au kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Malipo halali ya huduma za Serikali hufanywa kwa namba ya malipo, na hutolewa stakabadhi.

Faida ya kweli ya upekuzi huu iko karibu zaidi. Mahakama ya Mwanzo inayoombwa kumthibitisha msimamizi wa mirathi itataka kujua marehemu alikuwa nani na warithi wake ni akina nani. Mtoto wa mzee huyo ambaye hakuandikishwa alipozaliwa, na ambaye sasa mwenyewe ni bibi, anahitaji ushahidi ili asajiliwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao wilayani hufanya kazi kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kote huko kikwazo ni kile kile: majina mawili, mtu mmoja. Dawa yake ni hati ya kiapo inayotamka kuwa majina hayo ni ya mtu huyo huyo, ikitolewa na anayemfahamu na kuambatanishwa na nyaraka zinazoungana: barua ya ajira yenye namba, nakala ya kitabu cha ubatizo, muhtasari wa kikao cha ukoo. Hati ya kiapo haitolewi na marehemu. Kwa mzee aliyestaafu mwaka 1978, watu waliomjua kwa majina yake yote mawili, yaani mke mdogo, jirani wa kota za reli au mdogo wake wa mwisho, leo ni wachache na wana umri mkubwa. Mwenye sanduku nyumbani asingoje msiba mwingine.

Kabla ya kufika ofisi ya kata, fanya yafuatayo nyumbani. Toa karatasi moja moja mahali pakavu, usizibandike kwa gundi wala usizifunike kwa plastiki ya moto, kwa kuwa nyaraka iliyobandikwa hivyo haiwezi kukaguliwa upande wa nyuma, na mihuri mingi iko nyuma. Zipige picha pande zote mbili. Picha za zamani nazo zigeuzwe: muhuri wa studio hutaja mji. Kisha andika kwenye daftari, kwa mpangilio wa miaka, kila jina alilotumia na mahali lilipoandikwa. Njoo na daftari hilo na nakala; nakala halisi zibaki sandukuni. Mtendaji wa Kijiji na Mtendaji wa Kata watakupa barua ya utambulisho itakayohitajika parokiani, mahakamani, kwa msajili wa wilaya au Dar es Salaam. Kama mzee mwenye kutoa ushahidi hawezi kutembea, mweleze Mtendaji mapema ili mshauriane namna ya kumfikia huko aliko.