Keki Isiyo na Ngano, Mayai wala Maziwa: Je, Mtama na Ulezi Wetu Vinaweza Kuwa Mradi?



Miongoni mwa maombi ya miradi yanayofika katika ofisi yetu, miradi ya kuoka keki, mikate na maandazi hujitokeza mara kwa mara, hasa kutoka sharika zilizo jirani na machimbo ya dhahabu. Sababu inaeleweka. Maeneo kama Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, au Kakola upande wa Kahama, yana watu wengi wanaoamka mapema, wanaofanya kazi nzito na wanaonunua chakula kila siku kwa fedha taslimu. Akina mama wanaliona soko hilo na wanataka kulifikia.

Hata hivyo, bajeti za maombi hayo hufanana: unga wa ngano, mayai, siagi ya kopo na maziwa. Vyote vinanunuliwa dukani. Wakati huohuo, nyumbani kwa wanachama hao kuna mtama, ulezi, mchele, karanga na viazi vitamu. Katika toleo hili tunapenda kueleza namna keki na vitafunwa vitamu vinavyoweza kuokwa kwa unga wa nafaka zetu, bila ngano na bila kitu chochote kitokanacho na mnyama. Pia tunataja mambo ambayo kamati inapaswa kuyauliza kabla ya kupitisha mradi wa aina hii.

Kwa nini tufikirie unga mwingine?

Ngano siyo zao la Shinyanga wala Geita. Hapa nchini hulimwa katika nyanda za baridi, kama Hanang, ambako mashamba makubwa yalianzishwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, na Nyanda za Juu Kusini. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania huagizwa kutoka nje ya nchi. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na mwokaji wa maandazi kijijini naye aliguswa. Kikundi kinachotegemea ngano peke yake kinategemea bei ambayo hakina uwezo wowote juu yake.

Kwa upande mwingine, mtama na uwele vilikuwa chakula kikuu cha Usukuma kabla mahindi hayajatawala. Vinastahimili ukame kuliko mahindi. Wakulima wengi wamevipunguza kwa sababu ya usumbufu wa ndege aina ya kwelea kwelea, na pia kwa sababu mtama umeonekana kuwa chakula cha wakati wa njaa. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya mtama, uwele na ulezi, ili kuziinua tena. Mkulima atalima zaidi akipata mnunuzi, na kikundi cha waokaji kinaweza kuwa mnunuzi huyo.

Gluteni ni nini na kazi yake ni ipi?

Unga wa ngano ukikandwa na maji, protini zake huungana na kutengeneza utando unaovutika kama mpira. Utando huo huitwa gluteni. Hamira inapotoa hewa, gluteni huikamata hewa hiyo, donge likaumuka na mkate ukawa laini. Gluteni ipo pia katika shayiri na rai. Haipo katika mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele, muhogo wala viazi vitamu.

Ndiyo maana mtu akichukua maelekezo ya keki ya ngano, akaondoa ngano na kuweka mtama kwa kiasi kilekile, hupata keki inayopasuka na kumomonyoka kama mchanga. Unga haukuwa mbaya. Kilichokosekana ni kitu cha kuushikamanisha. Mayai nayo hushikamanisha na kusaidia keki kuinuka, kwa hiyo tukiyaondoa pia, kazi mbili zinabaki bila mtendaji. Siri yote ya uokaji huu ni kuzipatia kazi hizo watendaji wengine.

Vitu vinavyoshika nafasi ya gluteni, mayai na maziwa

Kwanza ni uji. Sehemu ndogo ya unga ikipikwa na maji mpaka ikawa uji mzito, wanga wake huvimba na kunata. Uji huo ukipoa na kuchanganywa na unga uliobaki, hushikilia keki isimomonyoke. Hakuna mama wa Kisukuma anayehitaji kufundishwa kupika uji, hivyo hatua hii hueleweka haraka.

Pili ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, au ndizi mbivu. Vinanata, vinaongeza utamu na vinaitunza keki isikauke. Viazi lishe, yaani vile vyenye rangi ya chungwa, huongeza vitamini A. Matobolwa nayo, kwa kuwa ni viazi vilivyochemshwa kabla ya kukaushwa, hutoa unga mtamu unaonata vizuri. Michembe, ambayo hukaushwa ikiwa mibichi, haifanyi kazi hiyo kwa kiwango kilekile.

Tatu ni ukwaju. Maji yake yana asidi, na yakikutana na soda ya kuokea hutoa mapovu ya hewa yanayoinua keki. Magadi ya kienyeji yasitumike badala ya soda hiyo. Nguvu yake hubadilika kutoka bonge moja hadi jingine, na yana chumvi nyingine ndani yake.

Nne ni tui la karanga, yaani karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa na maji. Hushika nafasi ya maziwa. Nazi inafaa pia, lakini husafirishwa kutoka pwani na bei yake huku bara ni kubwa. Mafuta ya alizeti hushika nafasi ya siagi.

Tukumbuke pia kwamba jambo hili siyo geni kabisa. Kitumbua cha mchele, hamira, nazi, sukari na iliki kinachouzwa kila asubuhi hakina ngano, yai wala maziwa. Kashata ya karanga ni hivyohivyo. Kwa kuwa mchele unalimwa Kahama na Geita, kikundi kinachoogopa kuanza na mtama kinaweza kuanza na vitumbua.

Kipimo cha kuanzia

Kikombe hapa ni cha mililita 250. Chukua vikombe 2 vya unga wa mtama mweupe, nusu kikombe cha unga wa ulezi na nusu kikombe cha unga wa muhogo. Mtama mwekundu una uchungu na unafaa zaidi kwa matumizi mengine. Ulezi ukizidi, keki huwa nyeusi na nzito, lakini kiasi hiki huipa harufu nzuri. Ulezi pia una kalisi nyingi, takriban miligramu 340 katika gramu 100 za nafaka.

Chota vijiko vikubwa 3 vya mchanganyiko huo, upike na kikombe 1 cha maji mpaka upate uji mzito, kisha uache upoe. Changanya uji na kikombe 1 cha viazi vitamu vilivyopondwa, robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kikombe cha mafuta ya alizeti na nusu kikombe cha maji ya ukwaju. Ongeza unga uliobaki, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na iliki. Ongeza tui la karanga kidogo kidogo mpaka rojo liwe zito, lakini liweze kumiminika.

Liache rojo kwa dakika 30. Hatua hii isirukwe, kwa sababu unga wa mtama hunywa maji polepole, na keki iliyookwa haraka huwa na chengachenga mdomoni. Baada ya hapo koroga ndani yake vijiko 2 vya chai vya beking pauda na nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, kisha oka mara moja kabla mapovu hayajaisha.

Pasipo na oveni, tumia sufuria kubwa yenye mchanga safi chini, weka chombo cha keki ndani yake, funika na uweke makaa machache juu ya mfuniko. Kwa kawaida inachukua dakika 45 hadi 60. Isikatwe ikiwa ya moto, kwa maana wanga hushikamana inapopoa. Keki hii hukauka upesi kuliko ya ngano, kwa hiyo iuzwe siku hiyohiyo au inayofuata.

Unga wa nafaka isiyokobolewa una mafuta ya kiini ndani yake na huchacha mapema. Ni vizuri kusaga kidogo kidogo na kuutumia ndani ya wiki chache.

Usalama wa mlaji

Hapa tunaomba kamati ziwe makini sana. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walipata ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu moja kwa moja, baada ya kula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo. Kikundi kitumie muhogo mtamu, au udaga uliovundikwa na kukaushwa kikamilifu.

Karanga zenye ukungu zitupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kuoka wala kukaanga. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumu hiyo. Aidha, wapo watu wanaodhurika na karanga hata kidogo, hivyo mnunuzi aambiwe kwamba zimo.

Kuna pia suala la maneno tunayoandika kwenye pakiti. Ugonjwa wa seliaki humfanya mgonjwa aumizwe utumbo na gluteni. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi, aliyekuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930, alipata uthibitisho zaidi wakati wa njaa ya mwaka 1944 hadi 1945, ambapo mkate uliadimika na watoto wenye ugonjwa huo wakapata nafuu. Barani Ulaya inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 100 anao. Kwa viwango vya kimataifa, chakula kinachoitwa kisicho na gluteni lazima kiwe na chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo.

Mashine nyingi za vijijini husaga mahindi, mtama na muhogo, siyo ngano, na hiyo ni nafuu. Hatari kubwa ipo jikoni: chekecheo, meza na chombo kilichotumika kwa maandazi ya ngano asubuhi. Kikundi kinachooka vyote viwili mahali pamoja kiandike "keki ya mtama", ambalo ni kweli, na kisiandike kwamba haina gluteni. Mgonjwa ataliamini neno hilo kwa afya yake.

Maswali ya kamati kabla ya kupitisha mradi

Mteja wa kwanza ni nani? Kwa maoni yetu siyo mgonjwa wa seliaki wala mgeni wa hoteli. Ni mchimbaji, mwanafunzi na mwenye sherehe. Wapo pia majirani zetu Wasabato wasiokula nyama, na baadhi yao huepuka mayai na maziwa. Wote watanunua kwa sababu keki ni tamu na inashibisha.

Je, hesabu imeandikwa? Kikundi kiorodheshe kila kitu, pamoja na mkaa, usagaji, nauli na muda wa wanachama, kwa keki ya ngano na kwa keki ya mtama. Mtama ulionunuliwa kwa mwanachama nao uhesabiwe kwa bei ya soko, la sivyo faida itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kisha waulizane: katika kila shilingi 1,000 ya matumizi, ni kiasi gani kinabaki kijijini? Hapo ndipo tofauti kubwa ya miradi hii miwili ilipo.

Nishati itatoka wapi? Shinyanga ilipata tabu kubwa kurudisha miti yake kupitia mpango wa HASHI na ngitili kati ya mwaka 1986 na 2004. Mradi wa kuoka usiirudishe nyuma kazi hiyo. Jiko banifu liwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Bidhaa zikianza kufungashwa na kupelekwa madukani, kikundi kiwasiliane na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, na kiombe ushauri wa SIDO mkoani.

Kwa wafadhili wetu tunapenda kusema hivi: gunia la ngano huisha ndani ya wiki chache. Mizani, vikombe vya kupimia, jiko banifu, chekecheo la mtama peke yake na siku chache za mafunzo hubaki na kikundi. Hivyo ndivyo tungependa kuona vikipewa kipaumbele. Tunazikaribisha kamati kuleta maombi yenye hesabu hizo mbili pamoja.

Ofisi ya Miradi ya Dayosisi