Viazi na Wali Katika Chungu Kimoja

Ukipika wali ukautia viazi, kisha jirani akaingia na kufunua chungu, atasema nini? Wajua na mimi najua. Atasema mchele umepunguka nyumbani kwako. Kwa ajili ya neno hilo moja mama wengi huvifukia viazi chini kabisa visionekane, na wengine huona heri kukopa mchele dukani kuliko kumwekea mgeni kiazi mbele yake.

Sisemi ya watu, nasema yangu. Mwaka juzi baba mkwe alikuja kututazama. Ndani tulikuwa na viazi magunia mawili na mchele vibaba viwili. Mke wangu akaniambia, "Baba Anna, tuchanganye." Nikakataa. Nikaenda dukani, nikakopa mchele kilo kumi, tukala wali mweupe siku tatu kwa heshima ya mgeni. Deni lile nililimaliza baada ya miezi miwili, na gunia moja la viazi likachipua na kuoza uvunguni. Na mimi ndiye karani ninayeandika vitabu vya hesabu vya parokia!

Tangu siku ile nimekuwa nikiokota habari za mataifa yanayopika viazi na wali pamoja. Nimeyakuta mengi, tena hawavifichi.

Kwanza habari ya asili. Sisi huviita viazi ulaya, lakini si vya Ulaya. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, karibu na ziwa Titicaca, mahali ilipo mipaka ya Peru na Bolivia. Watu wa huko wamevilima tangu miaka elfu saba iliyopita au zaidi, na wanazo aina zaidi ya 4,000, nyekundu, za zambarau, nyeusi, hata zilizopinda kama kidole. Wahispania ndio waliovichukua kuvipeleka kwao, kama mwaka 1570 hivi. Mchele nao ulisafiri njia ya pili: asili yake ni Asia (ingawa Afrika ya Magharibi ina mchele wake yenyewe, uliolimwa kwanza katika bonde la mto Niger), na Wahispania hao hao wakaupeleka Amerika.

Basi ukienda Peru leo utavikuta vyote viwili katika sahani moja. Chakula chao kiitwacho lomo saltado ni vipande vya nyama ya ng'ombe vilivyokaangwa kwa moto mkali pamoja na vitunguu na nyanya. Vikachanganywa na viazi vya kukaanga, na ubavuni wali mweupe. Namna ile ya kukaanga waliileta Wachina, waliopelekwa Peru tangu mwaka 1849 kufanya kazi ngumu katika mashamba ya miwa na visiwa vya mbolea ya ndege. Walikwenda na kupenda kwao wali, wakakikuta kiazi. Wala hakuna Mperu anayeuliza kwa nini vipo viwili.

Lakini walionishangaza kupita wote ni Waajemi, watu wa nchi ya Iran. Hao ni mafundi wa wali; hata neno letu pilau ni la ukoo mmoja na neno lao. Wao huroweka mchele katika maji ya chumvi, kisha huuchemsha katika maji mengi mpaka ulainike nje na kubaki na kiini kigumu ndani. Hapo huuchuja. Chungu hurudishwa motoni na mafuta, na chini kabisa hupangwa viazi vilivyokatwa vipande vyembamba vya mviringo, kimoja kando ya kimoja kama sarafu. Juu yake hurundikwa mchele kama kichuguu, hutobolewa matundu kwa mpini wa mwiko ili mvuke upande, na kifuniko huvikwa kitambaa kisafi. Kitambaa kile hunywa mvuke, matone yasirudi kuurojesha wali. Moto hupunguzwa, na chungu huachwa kama saa nzima.

Likipinduliwa kwenye sinia, vile viazi huja juu vikiwa na rangi ya dhahabu, vikavu, vinalia meno yakivigusa. Wanakiita tahdig, yaani chini ya chungu. Ni ukoko, msomaji! Ule ukoko ambao kwetu watoto hugombania jikoni na mgeni hapewi, kwao huwekwa mbele ya mgeni, na mpishi husifiwa au huaibika kwa ajili yake. Wengine hutumia mkate mahali pa viazi, wengine mchele uliokorogwa na maziwa ya mgando na zafarani. Nami nikichaguliwa, ningeshika ule wa viazi. Kiazi wenyewe hukiita tofaa la ardhi, jina ambalo Wafaransa nao wanalo katika lugha yao.

Huko Hispania, katika jimbo la Valencia, kuna wali wa tanuri, arroz al horno. Hupikwa katika bakuli pana la udongo: mchele, vipande vya viazi, nyanya, dengu, kitunguu saumu kizima katikati, mbavu za nguruwe na soseji ya damu. Zamani ilikuwa njia ya kumaliza mchuzi na nyama zilizobaki jana yake. Nyumba nyingi hazikuwa na tanuri, kwa hiyo mama alipanga vitu vyake bakulini, akatoka nalo, akampelekea mwoka mikate. Ndiyo sababu kwa lugha yao wakauita pia arròs passejat, wali uliotembezwa. Hebu fikiri: viazi vinapita barabarani mchana kweupe, na mtaa mzima unaviona!

Wataliani wa Bari, mji wa pwani yenye masalia ya Mtakatifu Nikolasi tangu mwaka 1087, wana chakula kiitwacho tiella, kwa jina la chombo chake. Chini vitunguu, juu yake viazi vyembamba, kisha kome wa baharini katika nusu ya gamba lao, mchele mbichi, nyanya, jibini ya kondoo iliyokunwa, mafuta ya zeituni, tena viazi vya kufunika. Hutiwa maji na kuingizwa katika tanuri, na mchele huivia katikati ukinywa utamu wa kome na wa viazi. Sisi wa bara kome tutawatoa wapi? Lakini namna ya kupanga tabaka juu ya tabaka yafaa kukumbukwa na mwenye dagaa.

Bara Hindi, katika mji wa Kolkata, kuna biriani yenye kiazi kizima. Husemwa ilitoka kwa wapishi wa Wajid Ali Shah, mfalme wa Awadh, aliyeondolewa katika ufalme wake na Waingereza mwaka 1856 akahamia huko. Wengine husema fedha ilimpungukia, wapishi wakajazia viazi mahali pa nyama. Wengine hukana: siku zile kiazi kilikuwa kitu kigeni na cha thamani, kikatiwa kwa fahari. Mabishano hayo hayajaisha, lakini leo mtu wa Kolkata akipewa biriani isiyo na kiazi huuliza kiazi chake kiko wapi.

Jambo moja usilisahau. Wali na viazi vyote ni vyakula vya kutia nguvu. Peke yake havimtoshi mtoto anayekua. Watu wa Valencia hutia dengu na nyama, wa Bari kome. Nawe weka maharage, dagaa au yai kando, na mboga za majani. Na viazi uviweke gizani penye hewa, si uvunguni ndani ya gunia lililofungwa kama nilivyofanya mimi. Kiazi kilichogeuka kijani au kuchipua sana kina sumu, kitupe.

Ukitaka kujaribu ule wa Waajemi kwa jiko la mkaa, sufuria nzito ndiyo njema. Kwa kilo moja ya mchele twaa viazi vikubwa vinne, uvimenye, uvikate unene wa nusu sentimeta, uvifute maji kwa kitambaa, maana kiazi chenye maji hushika chini. Chemsha mchele dakika tano au sita tu, mchele wetu huiva upesi, kisha uchuje. Tia mafuta yafunike chini ya sufuria, yapate moto, panga viazi, nyunyiza chumvi, rundika mchele, toboa matundu. Viache kwa moto wa kiasi mpaka usikie vinalia chini, kama dakika saba. Ndipo uvike kifuniko kitambaa, ukikunja ncha zake juu zisiangukie motoni, utoe mkaa mwingi, ubakize kidogo. Usipalie makaa juu ya kifuniko kama tulivyozoea, kitambaa kitaungua. Sisi tuliunguza mara mbili kabla ya kupata, na mara ya pili nyumba nzima ilinuka moshi mpaka jioni.

Mwaka huu baba mkwe amekuja tena. Mchele ulikuwa vibaba vitatu, na dukani sikwenda. Mke wangu akapindua sufuria kwenye sinia mbele yake, viazi vikatoka juu vyote, isipokuwa viwili vilivyoshika. Mzee akatazama bila kusema neno, akala. Alipomaliza akamwita binti yake, akamwuliza kama vile viwili vilivyoshika chini ya sufuria vingeweza kubanduliwa.